Fahali Wawili wa Akili na Nyasi Zilizoumia

Kitendawili! Najua umeitikia "Tega," kwa hiyo sikiliza. Mtu ameuawa. Wewe umemwona muuaji kwa macho yako mawili, umeona alivyoua, na sababu ya kuua unaijua. Polisi wanakuja na kumwuliza alikuwa wapi usiku wa mauaji. Anawajibu kweli tupu, wanachunguza jibu lake, wanaliona ni la kweli, na wanaondoka mikono mitupu. Imekuwaje? Ukishindwa nipe mji. Ukinipa Kitale nitaupokea, ukinipa Bungoma sitaukataa, kisha nitakupa jibu pole pole.

Kitendawili hicho ndicho kiini cha filamu moja ya Kijapani iliyotoka mwaka wa 2008. Kwa Kijapani inaitwa Yogisha X no Kenshin, yaani Kujitolea kwa Mshukiwa X. Iliongozwa na Hiroshi Nishitani, naye aliitoa katika riwaya ya mwandishi Keigo Higashino iliyochapishwa mwaka wa 2005. Huyu Higashino alizaliwa Osaka mwaka wa 1958, akasomea uhandisi wa umeme, na akafanya kazi kama mhandisi kabla ya kuishika kalamu moja kwa moja. Riwaya yake hiyo ilimpatia Tuzo ya Naoki, ambayo ni miongoni mwa tuzo zenye heshima kubwa katika fasihi ya Japani. Kwa hivyo wale wanaosema ati mwanafunzi wa sayansi hawezi kuandika hadithi, na wameze mate! Kisa chenyewe kilipendwa hata Wakorea wakatengeneza filamu yao mwaka wa 2012, Wachina wakafuata mwaka wa 2017, nao Wahindi mwaka wa 2023.

Jambo moja nikwambie mapema, msomaji mwenzangu. Makala haya yanafichua mwisho. Kama hupendi kuambiwa kilichomo chunguni kabla hakijapakuliwa, funga ukurasa huu, kaitazame filamu kwanza, kisha urudi. Sitakasirika.

Fahali wenyewe

Fahali wa kwanza ni Manabu Yukawa, mwanafizikia wa chuo kikuu. Polisi humwita "Galileo" kwa sababu huwasaidia kutegua mafumbo yanayowashinda. Ni mtu nadhifu, mwenye maneno makali, asiyeamini kitu mpaka akione kimethibitishwa.

Fahali wa pili ni Tetsuya Ishigami, mwalimu wa hesabu katika shule ya upili. Huyu ni mnyonge wa kutazama. Mabega yameinama, nguo ni zile zile, na darasani wanafunzi hawamsikilizi. Anafundisha huku wao wakipiga gumzo. (Hapo kila mmoja wetu na ajiangalie.) Walimu wenzake hawajui kwamba wamekaa na mtu mwenye kipaji cha ajabu. Yukawa peke yake ndiye anayejua, maana walisoma pamoja chuoni, na kwa maoni yake Ishigami ni mtu mwenye akili ya juu kabisa ya hisabati.

Mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha Ishigami ujanani ni fumbo la rangi nne. Fumbo hili lilizuka mwaka wa 1852. Linauliza hivi: je, ramani yoyote ile inaweza kupakwa rangi nne tu, pasiwe na majirani wawili wenye rangi moja? Chukua ramani ya kwetu ujaribu. Bungoma, Trans Nzoia na Kakamega zinapakana zote tatu, kwa hiyo kila moja inataka rangi yake. Ukifika Uasin Gishu, yenyewe inapakana na Trans Nzoia na Kakamega lakini haigusani na Bungoma, basi unaweza kuipaka rangi ile ile ya Bungoma. Ni mchezo rahisi kwa kaunti nne, lakini kuthibitisha kwamba rangi nne zinatosha kwa ramani zote za duniani kulichukua zaidi ya miaka mia moja. Mwaka wa 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken, wakiwa Marekani, walithibitisha kwa msaada wa kompyuta iliyokagua hali mbalimbali zaidi ya elfu moja. Ishigami hakuridhika. Yeye alitaka uthibitisho mzuri, unaoweza kushikwa na akili ya mtu mmoja. Kumbuka tabia hiyo, maana ndiyo itakayoleta balaa.

Kisa

Ishigami anaishi peke yake katika chumba kidogo jijini Tokyo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni mwanamke anayeitwa Yasuko Hanaoka, anayeuza vyakula vilivyopakiwa kwenye vikasha, pamoja na binti yake wa shule, Misato. Kila asubuhi Ishigami hupita dukani kwa Yasuko kununua chakula cha mchana. Hasemi neno la ziada. Analipa, anaondoka.

Siku moja anatokea Togashi, mume wa zamani wa Yasuko, mtu wa ngumi na wa kudai pesa. Ugomvi unazuka chumbani. Binti anampiga kwa kitu kizito, naye anamgeukia binti kwa hasira. Mama, kwa kumwokoa mwanawe, anachukua waya wa umeme na kumnyonga. Yote haya tunayaona mapema kabisa. Kisha mlango unabishwa. Ni jirani Ishigami. Amesikia kila kitu ukutani, na anasema atasaidia.

Baada ya hapo mwili unaokotwa kando ya mto. Uso umepondwa, vidole vimechomwa ili alama zake zisitambulike, na nguo zimeungua nusu. Polisi wanapeleleza na kufikia uamuzi kwamba huyo ni Togashi. Wanamwendea Yasuko: "Usiku ule ulikuwa wapi?" Anasema alikuwa sinema na binti yake. Vipande vya tikiti vipo. Polisi wanauchokonoa ushahidi huo kila upande. Haujaghushiwa, lakini pia si madhubuti mno kama wa mtu aliyejitayarisha. Unafanana kabisa na ushahidi wa mtu asiye na hatia.

Hapo ndipo Yukawa anaitwa, na hapo ndipo anapogundua kuwa jirani wa mshukiwa ni rafiki yake wa zamani. Wanakutana, wanakunywa, wanazungumza hesabu usiku kucha kama vijana. Lakini Yukawa ana macho. Anamsikia Ishigami akitaja jinsi Yukawa alivyobaki kuwa kijana wa kupendeza, na anajiuliza: tangu lini mtu huyu akajali sura? Mtu huanza kujali sura anapompenda mtu. Kwa neno hilo moja dogo, fahali mmoja amekwisha kumwona mwenzake nyuma ya kichaka.

Fumbo la vioo viwili

Sasa tufike kwenye hila yenyewe. Nitaieleza kwa mfano wa shuleni, maana wengi waliotazama filamu hii walilazimika kuirudia ndipo waelewe.

Tuseme Jumanne jioni mwanafunzi fulani amevunja kioo cha dirisha la bweni. Hakuna aliyeona ila rafiki yake mmoja. Siku ya Jumatano mvunja kioo anasafiri na timu kwenda Kitale kucheza mechi, na anarudi usiku. Rafiki yake anabaki. Anafanya nini? Kile kioo cha Jumanne anakitoa kimya kimya na kuweka kingine kizima. Kisha Jumatano jioni anavunja kioo kingine, karibu na pale pale. Alhamisi mwalimu wa zamu anaitisha baraza: "Kioo hiki kilivunjwa jana. Wewe ulikuwa wapi jana?" Yule kijana anajibu, "Nilikuwa Kitale, mwalimu." Timu nzima inashuhudia, tikiti ya matatu anayo. Hakusema uongo. Mwalimu anaweza kuhojiana naye mpaka jua litue, hatapata kitu, kwa kuwa anauliza habari za Jumatano, na kosa lilitendeka Jumanne.

Ndivyo alivyofanya Ishigami. Yasuko aliua siku moja. Mwili uliookotwa mtoni ni wa mtu mwingine aliyeuawa siku iliyofuata, siku ambayo Yasuko na binti yake walikuwa kweli sinema. Mwili wa Togashi aliuficha mbali. Ule uso uliopondwa na vidole vilivyochomwa havikuwa vya kuficha kwamba maiti ni Togashi. Vilikuwa vya kuficha kwamba SI Togashi. Polisi walidhani wanapambana na ushahidi wa uongo, kumbe walikuwa wamepewa maiti ya uongo.

Ishigami mwenyewe ana mtindo kama huo katika mitihani anayotunga. Hutunga swali ambalo mwanafunzi akilitazama anaona ni la jometri, anachora pembetatu zake mpaka kengele inalia, kumbe ni swali la aljebra. Mwenye kukariri njia anaanguka. Mwenye kuuliza kwanza "hapa ninaulizwa nini?" anapita. Wenzangu wa kidato cha nne, hilo peke yake ni funzo la kuingia nalo katika chumba cha mtihani.

Siyo "nani" tena

Hadithi za upelelezi si ngeni kwetu wapenzi wa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka wa 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1960 na kumleta kwetu Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Faraji Katalambulla alifuata mwaka wa 1965 na Simu ya Kifo. Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes wa Waingereza, na katika hadithi za aina hii msomaji hukimbizwa na swali moja: ni nani aliyefanya? Tunamshuku huyu, tunamshuku yule, na mwishoni mpelelezi anatuonyesha tulikuwa wapumbavu.

Filamu hii inalitupa swali la "nani" katika dakika za mwanzo. Badala yake inaweka watu wawili mbele yetu: mmoja anatega, mwingine anategua. Arthur Conan Doyle naye alifanya jambo linalokaribia hilo mwaka wa 1893 alipompa Holmes adui wa kufanana naye kwa akili, Profesa Moriarty. Na Moriarty alikuwa mtu wa fani gani? Hisabati! Tofauti ni kwamba Holmes na Moriarty wanachukiana, lakini Yukawa na Ishigami wanapendana. Yukawa anajua kwamba akilitegua fumbo hili atakuwa amemwangamiza mtu pekee duniani anayelingana naye. Akiliacha, atakuwa ameisaliti kweli. Kwa hiyo ingawa hakuna mbio za magari wala milio ya bastola, roho inakudunda.

Wanahisabati wenyewe wana swali linalofanana na pambano hili. Je, kila fumbo ambalo jibu lake ni rahisi kulikagua, ni rahisi pia kulitegua? Mwaka wa 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni moja kwa atakayelijibu, na mpaka leo hakuna aliyezichukua. Yeyote aliyewahi kuonyeshwa jibu la kitendawili na kusema "aa, kumbe!" analielewa swali hilo, hata kama hesabu zenyewe zinampiga chenga.

Nyasi

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Sasa nakuuliza, katika pambano hili nyasi ni nani?

Rudi kwenye maiti ya mtoni. Nimesema ni ya mtu mwingine. Ni nani huyo? Kila asubuhi akienda kazini, Ishigami alipita mahali wanapoishi watu wasio na makao. Aliwajua kwa kuwatazama tu: huyu huokota mikebe, yule hukaa pale kila saa fulani. Alimchagua mmoja wao. Alimchagua kwa sababu moja tu, kwamba akitoweka hakuna atakayemwulizia. Hesabu yake yote nzuri ilisimama juu ya mtu huyo mmoja asiyehesabiwa.

Wako watakaosema Ishigami ni shujaa wa mapenzi, na sababu zao si za kudharauliwa. Filamu inatuonyesha kwamba siku Yasuko na binti yake walipohamia na kubisha mlango kujijulisha, Ishigami alikuwa tayari ameandaa kamba ya kujitia kitanzi, maana aliona maisha hayana maana. Salamu za majirani zilimrudisha duniani. Hakumdai Yasuko kitu. Na polisi walipokaribia, alijitoa mwenyewe akasema ndiye aliyeua. Uongo wake haukuvunjika kwa kuwa kweli alikuwa ameua, ingawa si yule waliyemdhania. Nani kati yetu angeweza kujitoa kiasi hicho?

Lakini tulitazame lile neno la jina la filamu, kenshin. Wajapani huliandika kwa alama mbili, ya kwanza ina maana ya kutoa na ya pili ina maana ya mwili. Kujitolea ni kuutoa mwili wako. Ishigami aliutoa wake, sawa. Ila kabla ya kuutoa wake alikuwa ameutoa mwili wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa, hakupenda mtu yeyote katika kisa hiki, wala hakujua hata jina la Yasuko. Ukitoa mali ya jirani kuwa sadaka, hiyo si sadaka. Je, ukitoa uhai wa jirani? Akili nyingi huondoa maarifa, na hapa ziliondoa utu pia.

Filamu yenyewe inamhukumu, na inafanya hivyo bila hotuba. Yukawa anamweleza Yasuko kweli yote. Yasuko, aliyekuwa amewekewa maisha mapya tayari, anashindwa kuyapokea. Anamkimbilia Ishigami akilia, anasema ataadhibiwa pamoja naye. Na yule mtu wa barafu, aliyepiga hesabu ya kila kitu, anaanguka akilia kwa sauti ya mnyama aliyejeruhiwa. Alikuwa amehesabu polisi watakavyofikiri, Yukawa atakavyofikiri, hata yeye mwenyewe atakavyokaa jela. Hakuhesabu kwamba Yasuko ana dhamira. Fumbo lililoshinda serikali nzima lilivunjwa na moyo wa muuza chakula.

Wenzangu, haya si mambo ya Tokyo pekee. Ukishuka Kitale alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, utawapita waliolala barazani wamejifunika magunia. Bungoma ni hivyo hivyo. Tunawaita chokoraa, tunaharakisha matatu isituache. Hebu taja jina la mmoja wao. Hata mimi ninayeandika haya siwezi, na filamu hii ndiyo iliyonifanya nilione hilo kuwa ni aibu.

Mwandishi wetu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia upande wa Cherang'any, alitupatia Siku Njema mwaka wa 1996, kisa cha kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Kitabu kizima kinasimama juu ya jambo moja: kuna mtu hayupo, na kuna mtu mwingine anamwulizia. Mwezi wa Aprili 2020 Walibora mwenyewe aligongwa na gari jijini Nairobi akafa. Kwa siku kadhaa jamaa na marafiki walimtafuta wasijue alipo, ilhali mwili wake ulikuwa mochari bila jina. Bingwa wa maneno, ambaye vitabu vyake vimo katika kabati la klabu hii, alihesabiwa kuwa mtu asiyejulikana. Alirudishiwa jina lake kwa sababu watu hawakuchoka kumtafuta. Yule mtu wa mtoni katika filamu hakuwa na wa kumtafuta, na hilo ndilo lililomfanya "afae".

Kwa hiyo kitendawili changu kina majibu mawili. La kwanza ni la kichwa: polisi waliuliza habari za siku isiyokuwa yake. La pili ni zito zaidi: walifanikiwa kudanganywa kwa kuwa palikuwa na mtu ambaye hakuna aliyejua kwamba ametoweka. Ishigami asingeweza kuitunga hila yake mahali ambapo kila mtu anajulikana kwa jina.

Mji ulionipa nakurudishia. Ila ukifika huko, Kitale au Bungoma, na ukapita barazani asubuhi, simama kidogo umsalimie aliyelala hapo. Mwulize jina lake, na ulikumbuke.